Kukandua

Mamangu aliteleza bafuni alfajiri ya Ijumaa moja mwezi wa Januari, akiwa katika kutia udhu. Hakuvunjika, alhamdulillahi. Alidaka ukingo wa pipa la maji, akatua kwa goti na kiganja, na kile kiganja kikafura hata kwa majuma mawili hakuweza kujifunga leso yake mwenyewe. Kakangu, ambaye huu ni mwaka wake wa 17 Maskati, alituma fedha siku ile ile, na pamoja na fedha akatuma picha ya bafu lililovikwa vigae kutoka sakafuni hadi darini, vyeupe pepe, visivyo na doa. "Litengenezwe mfano wa hili," aliandika. "Mama asiteleze tena."

Hakuna aliyepinga. Mama naye hakuvikataa vigae. Alilolikataa ni jambo linalotangulia vigae, na hilo ndilo lililonikalisha kitako kuandika.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, katika kichochoro ambacho mkokoteni wa maji hupita kwa kusugua kuta. Ukuta wake wa nje ni wa mawe ya matumbawe, unene wake dhiraa moja na ushei, umeshikamanishwa kwa chokaa na mchanga kama zilivyo nyumba nyingi za kale za mwambao huu. Bafu la juu limeuegemea ukuta huo kwa upande mmoja. Kuta tatu zilizobaki ni za matofali ya simenti. Zilijengwa mwaka 1987, marehemu babangu alipokigawa chumba ili mama asiwe akishuka ngazi usiku kwenda choo cha uani. Babangu hakuwa mwashi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mtunzi wa mashairi, mtu ambaye mikono yake ilijua chaki na kalamu ya wino. Matofali alisaidiwa na jirani. Lipu aliipiga mwenyewe, kuta zote nne, katika likizo ya Agosti, na hadi anafariki hakuchoka kuisimulia kazi ile. Mgeni aliyeomba maji ya kunawa alionyeshwa ukuta kwanza.

Fundi alikuja na begi la vyombo, lakini chombo alichokitoa mwanzo kilikuwa sarafu ya shilingi ishirini. Akaanza kugonga, kutoka juu kushuka chini, sikio likiwa karibu na ukuta. Penye lipu iliyoshika, sarafu ilitoa sauti fupi, kavu. Penye lipu iliyoachana na ukuta, sauti ilikuwa nene, yenye uvungu. Kila alipoisikia ile ya pili alitia alama ya chaki, na baada ya robo saa chaki ilikuwa imeenea ukuta wa nje karibu wote na vipande vikubwa vya kuta za ndani.

"Mwalimu," akaniambia, "hapa hakuna ukuta. Hapa pana ngoma."

Akanieleza hesabu yake. Vigae pamoja na gundi yake huweza kufika kilo 20 na zaidi kwa kila mita moja ya mraba. Uzito huo haubebwi na jiwe wala tofali, unabebwa na lipu, kwa kuwa kigae hushika lipu tu. Lipu iliyokwisha kuachana na ukuta itasimama mwaka mmoja, pengine miwili, kisha siku moja itashuka na vigae vyake vyote, na huenda chini yake amekaa mtu kwenye kigoda anaoga. Basi lazima itoke yote, hadi kwenye jiwe.

Mama alikuwa mlangoni. "Si hiyo ya babako," akasema, akaingia chumbani kwake, na mlango ukafungwa polepole, jambo ambalo kwetu ni zito kuliko mlango kubamizwa.

Usiku nilikaa naye. Nilimweleza yale ya kilo na ya kigoda. Nilisema kwamba hatuna budi kuibandua ile lipu, na hapo akanikatiza, si kwa huzuni bali kwa ile sauti yake ya kusahihisha.

"Lipu haibanduliwi. Mkate wa mofa ndio hubanduliwa. Stempu hubanduliwa. Ukuta hukanduliwa."

Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa mtu yeyote, nami nafundisha Kiswahili. Lakini mara lilipotamkwa nililitambua, maana limejengwa kwa kanuni tunayoijua sote. Bandika, bandua. Tandika, tandua. Anika, anua. Ezeka, ezua. Na aliyekandika ukuta, yaani aliyeutia udongo kwa viganja juu ya fito hadi ukajaa, siku akiuondoa udongo ule anakandua. Mama alikulia bara kidogo ya Malindi katika nyumba ya udongo. Kwake yeye kuta zilikandikwa kabla ya mvua na kukanduliwa zilipochoka, na hapakuwa na msiba katika jambo hilo.

Nililala nikilifikiria neno lililo kinyume chake katika Kiswahili chetu cha mjini, nisilipate. Tunasema kupiga lipu, kama tunavyosema kupiga pasi, kupiga picha, kupiga simu. Kitenzi piga tumekibebesha kila kazi, nacho hakina mtendo wa kurudi nyuma. Hakuna kupigua. Kilichopigwa kimepigwa. Nadhani ndiyo maana mafundi husema tu "kutoa plasta", kana kwamba ni kutoa takataka. Lipu lenyewe ni neno la safarini. Wahindi na Wagujarati wana kitenzi kinachofanana nalo sana, chenye maana ya kupaka ukuta au sakafu udongo, na kwa maoni yangu mfanano huo si wa bahati tu. Na kigae, ambacho leo dukani huuzwa kwa katoni na kuitwa taili, au marumaru kwa ndugu zetu wa Tanzania hata pasipo na punje ya marumaru ndani yake, asili yake ni kipande cha chungu kilichovunjika. Mabibi zetu walitilia makaa katika kigae. Kakangu ametuma fedha ili mama azungukwe na vigae, nami peke yangu gizani nikacheka.

Asubuhi mama hakusema ndiyo. Alisema, "Fanyeni mnalolijua," nasi tukaanza.

Kazi yenyewe ilichukua siku tatu, na wasomaji ambao hawajawahi kuifanya wasiidharau. Maji yalifungwa. Tundu la sakafuni lilizibwa kwa gunia lisije likameza mchanga. Fundi alifuatilia kwa chaki mahali panapopita bomba na waya wa taa, kisha akafunga kitambaa puani, akavaa miwani, akaanza juu kabisa, chini ya dari. Tindo haisimamishwi wima dhidi ya ukuta. Hulazwa, ncha yake itafute upenyo kati ya lipu na ukuta, na nyundo iisukume kwa pembeni. Ukiipiga wima unalivunja tofali na lipu unaiacha. Kwenye kuta za ndani baadhi ya sehemu zilishika kwa ukaidi, zikatoka kwa vipande vya ukubwa wa kiganja, na kila kipande kilikuwa na bei yake ya jasho. Kwenye ukuta wa nje lipu ilishuka yenyewe kwa mabamba mapana kama sinia.

Msaidizi alinyunyiza maji kutuliza vumbi, vumbi likakataa kutulia. Lilifika kwenye mito ya sebuleni, kwenye vitabu, kwenye chai. Na uzito wake! Lipu ya simenti yenye unene wa sentimita mbili na nusu ina uzito wa kilo 50 hivi kwa mita ya mraba, na sisi tulikuwa na mita 17. Fanya hesabu, kisha uiteremshe hesabu hiyo kwa karai, karai moja moja, katika ngazi za Mji wa Kale ambazo hata mtu asiye na mzigo huzishuka kwa kujihadhari.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, fundi aliniita. "Mwalimu, hebu njoo utazame. Sijaona mtu akifanya hivi."

Katika ukuta ulioelekea mlango, tabaka la juu la lipu lilikuwa limeng'oka peke yake, likaliacha tabaka la kwanza mahali pake. Ni kawaida lipu kupigwa mara mbili, na la kwanza hukwaruzwa likiwa bado bichi ili la pili lipate pa kushika. Mafundi hukwaruza kwa ncha ya mwiko, au kwa ubao uliopigiliwa misumari, mistari iliyonyooka ikikatana. Hapa mistari ilikwenda minne minne, sambamba, yenye mawimbi, ikipanda na kushuka ukuta mzima kama maandishi ya mtu asiyeinua kalamu. Urefu wa kila wimbi ulikuwa urefu wa mkono. Penye kona mawimbi yalikuwa mafupi, pale ambapo lazima alikuwa amepiga magoti.

Nilikwenda kumwita mama. Alikuja, leso ameishika kwa ule mkono mzima, akasimama kizingitini akatazama kwa muda. Kisha akacheka, kicheko ambacho sikukisikia tangu mwaka 2009 tulipomzika babangu.

"Uma wangu! Uma wangu wa pilau! Kaniapia hakuuona. Kanambia umechukuliwa arusini kwa jirani, hata nikamnunia yule bibi wa watu."

Aliingia, akapitisha vidole vinne katika mistari ile minne, kutoka kimo cha bega lake hadi kimo cha kiuno. Fundi aliitua nyundo chini, akatoka nje kwa adabu. Mama alirudia mara mbili au tatu, hakulia. Alipomaliza alifuta vidole kwa leso.

"Haya," akasema. "Kandueni."

Nilipiga picha kabla ya tindo kurudi.

Ukuta wa nje ulikuwa na habari nyingine. Chini ya simenti ya babangu palikuwa na chokaa ya kale, na huko juu ilikuwa ngumu, ya rangi ya maziwa yaliyoganda, ndani yake vipande vya makombe na chembe nyeusi za mkaa. Chembe hizo zilitoka tanuuni. Chokaa ya pwani ilipikwa kwa kuyachoma matumbawe juu ya kuni hadi joto la nyuzi 900 hivi, kisha ikatiwa maji, ikaachwa itulie, ikachanganywa na mchanga. Ikishapakwa ukutani hujirudisha polepole kuwa jiwe kwa hewa ile ile tunayoipumua, kwa hiyo ukuta wa chokaa ni tumbawe lililokufa, likawa unga, likarudi kuwa tumbawe. Fort Jesus iliyoanza kujengwa mwaka 1593 imesimama hadi leo kwa mawe ya matumbawe na chokaa.

Lakini kutoka kiunoni kushuka chini, chokaa yetu ilikuwa imegeuka sukari iliyoloa. Niliitia ukucha, ikaja. Fundi alishika jiwe moja kwa vidole viwili, likatoka mahali pake bila ubishi, na nyuma yake likatoka jingine, na la tatu. Unga mweupe wa chumvi ulikuwa umetanda kila mahali. Kwa miaka mingi tulioga maji ya kisima, na visima vingi vya kisiwa hiki vina chumvi. Ukuta wa chokaa hunywa maji na huyatoa. Ukishaufunika kwa simenti unaendelea kuyanywa, kwa kila ufa na kwa kila kona, lakini njia ya kuyatoa umeiziba. Maji hukaa ndani, chumvi hukua ndani, na chokaa huvunjwa taratibu nyuma ya uso ulio laini na mzuri, uso ambao wageni huonyeshwa.

Kosa si la simenti, na hili nalisema kwa kuwa wako watu wanaoitukana simenti kama watu wanavyoyatukana maneno ya kukopa. Kiwanda cha Bamburi, kilichoanza kutoa simenti mwaka 1954, kilichimba jiwe lake katika matumbawe ya kale ya pwani hii hii. Chokaa na simenti ni watoto wa mama mmoja, mmoja kapikwa kwa moto mkali zaidi pamoja na viungo vingine, akatoka na tabia nyingine. Juu ya matofali ya simenti lipu ya babangu haikudhuru kitu. Juu ya ukuta wa chokaa ilikuwa ikiula ukuta, na ukuta ule ndio uliobeba boriti za chumba anacholala mama.

Hili la boriti sikumwambia yeye.

Fundi, kwa uungwana wake, alikiri kwamba hapa kazi imemzidi, akamleta mwashi mzee aliyemfunza. Mzee yule alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akatazama ukuta muda mrefu kuliko nilivyotazama mimi shairi lolote. Kisha akasema kwamba ukuta upigwe brashi kavu, usioshwe, kwa kuwa ukiuosha chumvi inarudi ndani. Uachwe majuma sita madirisha wazi, upigwe brashi tena kila chumvi inapochipuka, halafu utomewe. Kutomea! Neno hilo nilikuwa nimelikuta katika kamusi, kamwe si katika kinywa cha mtu mwenye mikono ya kulitenda: kujaza mianya ya ukuta wa mawe kwa vijiwe vidogo na chokaa, kijiwe kimoja kimoja, kila kimoja kikitafutiwa pengo linalolingana nacho. Mwishowe upakwe chokaa, na vigae visiuguse kabisa. Vigae viende kwenye kuta za matofali, na sakafuni viwekwe vile vyenye uso wa kukwaruza, maana mama aliteleza sakafuni, hakuteleza ukutani.

Katika yale majuma sita ya kungoja nilirudi kwenye madaftari ya babangu. Tangu afariki nimekuwa nikiyapiga chapa mashairi yake kwa nia ya kuyatolea kitabu, na kazi ilikuwa imefika zaidi ya nusu. Sitaki kulazimisha mfano, bafu ni bafu. Lakini nilikuwa na vumbi la lipu kwenye nywele nilipofungua faili, na nikaona nilichokuwa nimekitenda.

Babangu alitunga kwa Kimvita. Alisema mato, nti, tini, kitwa. Mimi niliandika macho, nchi, chini, kichwa, nikijiambia kwamba msomaji wa Dodoma au wa Bujumbura asikwame. Mizani haikudai kitu, kwa kuwa mato na macho ni silabi mbili kila moja. Vina ndivyo vilivyodai. Kuna ubeti mmoja ambao kina chake cha mwisho ni -to, na neno la mshororo wa kwanza ni mato. Nilipoliweka macho, kina kilivunjika, basi nikabadilisha mshororo wa pili ili uishie kwa kificho, na wa tatu kwa kijicho, na kufikia kibwagizo ubeti mzima ulikuwa wangu. Ni ubeti mzuri, laini. Niliwahi kumsomea mama, akasema, "Mzuri," halafu akauliza chai iko wapi.

Niligonga beti moja baada ya nyingine kama fundi na sarafu yake, nikilinganisha na daftari. Kati ya mashairi 41 niliyokwisha kuyapiga chapa, 26 yalikuwa na uvungu mahali fulani. Si yote yalikuwa kosa. Kuna mahali babangu mwenyewe aliteleza katika hesabu ya mizani, nami nikamwekea silabi, na hapo nimepaacha, nikatia alama. Lakini kazi imerudi nyuma mwaka mzima, na mhariri aliyekuwa akiingoja nimemwandikia barua ya kumwomba radhi. Chini ya kila shairi nitaweka maana za maneno kwa herufi ndogo. Msomaji wa Bujumbura atajua mato ni nini, na ataendelea.

Ilibaki kumweleza kakangu. Nilimpigia nikamwambia kwamba ukuta mmoja utabaki mweupe bila kigae, na kwamba fedha iliyookoka hapo itamlipa mzee wa kutomea. Alikasirika. Alisema alituma fedha za bafu, si za jumba la makumbusho, na kwamba sisi tuliobaki nyumbani tuna ugonjwa wa kupenda vitu vibovu kwa kuwa ni vya zamani. Kuna ukweli katika hilo, nikamwambia. Kisha nikamweleza habari ya mawe matatu na ya boriti, na upande wa pili wa simu ukanyamaza. Hakujua kwamba ni lipu ya baba iliyofanya hivyo, nami sikuwa na njia ya kumwambia isipokuwa kumwambia. Alikata simu kwa salamu fupi.

Usiku nikamtumia picha ya mistari ile minne minne, bila maelezo.

Jibu lilikuja siku ya pili, kabla ya jua kuchomoza. Mwaka 1987 alikuwa na umri wa miaka minane, na mimi nilikuwa mgongoni kwa mama.

"Fanyeni anavyosema mzee," aliandika. "Nilimshikia ndoo siku hiyo. Uma nilimletea mimi kutoka jikoni. Usimwambie mama."